Uzi wa kioo chini ya barabara: jinsi mwanga unavyobeba sauti za mji, na kwa nini mji unahitaji njia ya pili

Wengi wetu tunaoishi mijini tumeamka siku fulani tukakuta hali ya namna hii. Simu inaonyesha mtandao upo, antena imesimama kilimani kama kawaida, umeme haujakatika, lakini ujumbe hautoki. Kwenye kibanda cha pesa, mama anayetaka kulipa karo ya mtoto anaambiwa arudi mchana. Hospitalini, picha ya mgonjwa iliyokuwa inatumwa kwa daktari wa mji mwingine imekwama njiani. Jioni ndipo habari inafika: kuna mahali vijana walikuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji, na sururu imekata waya.

Ni waya gani huo, ambao ukikatwa katika avenyu moja watu wa kata nyingi wananyamaza? Na kwa nini kuna miji ambayo waya kama huo unakatwa leo, unatengenezwa kesho, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyejua? Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo mawili kwa lugha rahisi. Inatuhusu, kwa sababu mishahara ya walimu wa shule zetu, mawasiliano ya hospitali zetu na habari za ndugu zetu waliokimbia vita sasa zinapita katika waya huo.

Kioo chembamba kuliko unywele

Kebo inayozikwa kando ya barabara au kutundikwa kwenye nguzo ni nyeusi, na unene wake ni kama wa kidole. Ukiipasua hukuti shaba. Unakuta mirija midogo ya plastiki yenye rangi mbalimbali, na ndani ya kila mrija nyuzi za kioo, mara nyingi 12. Kebo moja ya mjini inaweza kuwa na nyuzi 24, 48, 96 au zaidi. Hiyo ndiyo mafundi wanaiita fibri optiki.

Kila uzi umetengenezwa kwa kioo kisafi sana, na una tabaka mbili. Katikati kuna moyo wa uzi, ambao upana wake ni karibu maikromita 9, yaani ukigawanya milimita moja katika sehemu elfu, moyo huo unachukua sehemu 9 tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara nyingi. Kuzunguka moyo huo kuna kioo cha aina tofauti kidogo, na vyote viwili pamoja vina upana wa maikromita 125. Juu yake kuna ngozi ya plastiki ya kuukinga uzi usikwaruzwe.

Mwanga unaingia katika moyo huo kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili, hata kama kebo imepinda na barabara. Kwa nini hautoki pembeni? Aliyewahi kuoga katika Ziwa Kivu na kufungua macho chini ya maji anaweza kukumbuka: ukitazama juu kwa mshazari, uso wa maji unang'aa kama kioo cha kujitazamia, na huwezi kuona kilichoko nje. Mwanga unaotoka katika maji kuelekea hewani kwa mshazari mkubwa hushindwa kutoka, unarudishwa ndani. Katika uzi, moyo unachukua nafasi ya maji, na kioo cha nje kinachukua nafasi ya hewa. Mwanga ukijaribu kutoroka unarudishwa, na hivyo unaendelea mbele.

Jambo hilo limejulikana muda mrefu. Mwaka 1841, huko Geneva, mwalimu mmoja aliyeitwa Jean-Daniel Colladon alionyesha watu mwanga ukifuata mchirizi wa maji uliokuwa ukianguka kutoka katika tangi. Lakini kioo cha zamani kilikuwa kichafu mno kwa kazi ya mawasiliano. Mwanga ulizimika baada ya mita chache. Mwaka 1966, Charles Kao, mtafiti mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha pamoja na mwenzake George Hockham kwamba kosa haliko katika kioo chenyewe, liko katika uchafu uliomo ndani yake. Kioo kikisafishwa, alisema, mwanga utasafiri mbali. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ilifaulu kutengeneza uzi wa namna hiyo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, miaka 43 baada ya andiko lake.

Taa inayowaka na kuzima

Mwanga peke yake hausemi kitu. Husema kwa kuwaka na kuzima. Sauti yako, picha yako na salio lako la pesa kwenye simu, vyote hugeuzwa kwanza kuwa mfululizo wa tarakimu mbili, moja na sifuri. Upande mmoja wa uzi kuna leza ndogo: ikiwaka ni moja, ikififia ni sifuri. Upande wa pili kuna jicho la kielektroniki linalosoma mwanga huo na kuugeuza tena kuwa umeme. Leza na jicho hukaa pamoja katika kifaa kimoja kinacholingana na kidole gumba, kinachochomekwa katika mashine.

Tofauti na tochi ya mlinzi wa usiku ni kasi. Katika mitandao ya mijini ni kawaida leza kutuma alama bilioni 10 kwa sekunde, yaani gigabiti 10. Kiasi hicho kinatosha kubeba zaidi ya mazungumzo 100,000 ya simu kwa wakati mmoja. Vifaa vipya hufikisha gigabiti 100 na kuendelea, kwa kubadilisha pia jinsi wimbi la mwanga linavyoyumba, si nguvu yake tu.

Ndani ya kioo mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kuzunguka mji kwa kilomita 20 huchukua sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba mtandao ni wa polepole, kioo hakina kosa. Msongamano uko mahali pengine, na tutafika hapo.

Mwanga huo hauonekani kwa macho. Mawimbi yanayotumiwa sana ni ya nanomita 1310 na 1550, na jicho la mtu huishia karibu na 700. Yamechaguliwa kwa sababu hapo ndipo kioo kinapopoteza mwanga kidogo. Kwenye nanomita 1550, nusu ya mwanga bado ipo baada ya kilomita 15 hivi. Kioo cha dirisha la nyumba kingeuzima mwanga huo muda mrefu kabla ya kufika hata kilomita moja.

Hapa ndipo mtandao wa mji unapotofautiana na ule wa kuvuka nchi. Kutoka mji hadi mji kwa mamia ya kilomita, mwanga lazima uongezwe nguvu njiani, kwa vituo vyenye umeme na walinzi. Ndani ya mji, ambapo umbali ni kilomita 5, 10 au 20, leza ya kawaida inafika bila msaada. Vifaa vinauzwa kwa umbali wake: vya kilomita 10, vya 40, vya 80. Ugumu wa mji ni mwingine: vituo ni vingi, wateja ni wengi, na barabara zinachimbwa kila mwezi.

Kwaya katika uzi mmoja

Kuchimba ndiko kunakokula pesa nyingi kuliko kitu chochote katika kazi hii. Mtu wa Goma anajua maana ya kuchimba mtaro katika mawe ya volkano. Kwa hiyo mji ukikua na uzi ukijaa, je, lazima kuchimba tena?

Sivyo, na sababu yake inaeleweka vizuri na yeyote aliyeimba kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne huimba pamoja katika hewa ileile, na mwalimu wa kwaya bado anaweza kusikia kwamba sauti ya tatu imekosea. Sauti hazichanganyiki, kwa sababu kila moja ina urefu wake wa wimbi. Mwanga pia uko hivyo. Katika uzi mmoja unaweza kuingiza leza nyingi, kila moja na rangi yake, na mwishoni kifaa cha kioo hutenganisha rangi hizo kama matone ya mvua yanavyotenganisha mwanga wa jua kuwa upinde.

Katika miji hutumika namna mbili. Ya kwanza huacha nafasi pana kati ya rangi na rangi, nanomita 20, na ina nafasi 18 kwa jumla. Leza zake ni za bei nafuu, kwa kuwa hata zikipata joto na rangi ikasogea kidogo haziingiliani na jirani. Ya pili hubana rangi karibukaribu, tofauti ya chini ya nanomita moja, na hivyo hupitisha rangi 40, 80 au zaidi katika uzi mmoja, lakini leza zake lazima zitunzwe katika joto lilelile kila wakati. Rangi 40 zikibeba gigabiti 100 kila moja, uzi mmoja mwembamba kuliko nywele mbili unapitisha gigabiti 4,000 kwa sekunde. Na barabara haikuchimbwa. Kilichobadilishwa ni mashine za ncha mbili tu.

Kutoka barabara kuu hadi mlangoni

Mtandao wa mji umepangwa kama barabara zake. Kuna lango ambapo kebo ya mbali inaingia kutoka nje. Kuna njia kuu za mji zinazounganisha vituo vichache vyenye mashine kubwa, betri na jenereta. Halafu kuna vichochoro vinavyoingia katika avenyu hadi kwenye benki, shule, antena ya simu na nyumba.

Tusisahau hizo antena. Wengi hufikiri simu zao zinaongea na setelaiti, au antena inaongea na antena hadi Kinshasa. Kwa kweli sauti yako inasafiri hewani kwa umbali mdogo tu, hadi antena ya jirani. Kutoka hapo, katika miji mingi, inaingia katika uzi wa kioo. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha mtandao umejaa na bado isitume kitu: antena iko hai, lakini njia iliyo nyuma yake imekatika.

Katika vichochoro hivyo kuna ufundi mmoja wa kuokoa gharama. Badala ya kumpa kila mteja uzi wake hadi kituoni, kampuni huleta uzi mmoja hadi mtaani, na hapo kijisanduku kidogo kisichotumia umeme hugawanya mwanga kwa nyumba 32 au hata 64. Katika mfumo ulioenea zaidi, kituo hutuma gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wote, na kila mteja hufungua tu yale yaliyofungwa kwa ufunguo wake. Kurudi, wateja wote hugawana gigabiti 1.25, na kituo huwapa zamu kama mwenyekiti wa kikao: wewe sema sasa, wewe ngoja.

Mfumo huo unafaa sana kwa miji ambayo umeme haueleweki, kwa sababu mtaani hakuna mashine ya kuzimika. Lakini pia unaeleza kwa nini saa mbili za usiku mtandao unakuwa mzito. Wote 32 wamerudi nyumbani, na wote wanashiriki uzi mmoja. Zaidi ya hapo, wakati mwingine kampuni imenunua njia ndogo ya kutoka nje ya mji kuliko kiasi ilichowauzia wateja. Barabara ya avenyu ni pana, ila daraja la kutokea mjini ni jembamba.

Pete: njia ya kulia na njia ya kushoto

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kampuni moja ina vituo vinne Goma: Birere, Majengo, Ndosho na Himbi. Ingeweza kuviunganisha kwa mstari mmoja: Birere hadi Majengo, Majengo hadi Ndosho, Ndosho hadi Himbi. Lango la nje liko Birere. Sururu ikikata kebo kati ya Birere na Majengo, vituo vitatu vinazimika kwa mara moja, pamoja na antena, benki na hospitali zote zilizo nyuma yake. Pigo moja, na sehemu kubwa ya mji iko gizani.

Lakini kampuni ikiongeza kipande kimoja, kutoka Himbi kurudi Birere kwa njia ya ziwani, mstari umegeuka kuwa pete. Sasa kutoka kila kituo kuna njia mbili za kufika langoni: moja ya kulia, moja ya kushoto. Kebo ikikatwa kati ya Birere na Majengo, mashine za vituo hivyo viwili hugundua mara moja kwamba mwanga umepotea. Zinageuza safari, na kila kitu kinapita upande wa pili wa pete. Mitandao ya namna hii imewekewa sharti la kugeuka ndani ya milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Anayezungumza kwa simu pengine atasikia mkwaruzo mdogo, au asisikie kitu. Yule mama wa karo analipa, na picha ya mgonjwa inafika.

Hilo ndilo jibu la swali letu la pili. Katika miji inayolala salama, kebo zinakatwa vilevile. Zinakatwa na mitaro, na malori, na mvua, na panya. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliyekubali kulipia njia ya pili siku ambayo haikuhitajika.

Njia mbili ambazo ni moja

Hata hivyo pete inaweza kuwa ya uongo. Ikiwa kampuni imelaza kebo ya kwenda na ya kurudi katika mtaro mmoja, au imezitundika kwenye nguzo zilezile, kwenye karatasi ni njia mbili, lakini sururu moja inazikata zote. Ikiwa kebo mbili zinavuka daraja moja, mafuriko yakibeba daraja yanabeba pete nzima.

Sisi wa mashariki tuna sababu za pekee za kuliangalia jambo hili. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ikaingia ziwani, ikaukata mji vipande viwili, mashariki na magharibi. Pete yoyote ya kuzunguka mji ingekatwa mara mbili siku hiyo, kaskazini na kusini, kwa mto uleule wa moto. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama kwenye ukingo wa mji. Kwa hiyo mtu anayepanga mtandao wa Goma hawezi kutosheka na pete. Lazima aulize: kila nusu ya mji ina mlango wake wa kutokea nje? Upande wa mashariki una mpaka, upande wa magharibi una barabara ya Sake na ziwa. Nusu ya mji iliyobaki peke yake bila mlango ni nusu iliyonyamaza saa ileile ambayo watu wanatafutana.

Bukavu ina shida nyingine. Mji umekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani na juu ya milima inayomomonyoka kila msimu wa mvua. Kuna sehemu ambazo barabara ni moja tu ya kuingia na kutoka, na kebo hufuata barabara. Katika mji wa namna hiyo njia ya pili huenda ikalazimika kupita chini ya maji ya ziwa, au hewani kwa antena zinazotazamana kutoka mlima hadi mlima. Antena hizo hubeba kidogo kuliko kioo, lakini udongo ukiporomoka zenyewe hubaki.

Na kosa hili si la miji tu. Mwezi wa Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari katika korongo refu ambalo Mto Kongo umelichonga kuanzia mdomo wake, na ukakata kebo mbili za Afrika ya magharibi, WACS na SAT-3. Zilikuwa kebo mbili kwa majina mawili, lakini zote zilivuka korongo lilelile. Mwezi wa Mei 2024, upande wa Bahari ya Hindi, kebo za EASSy na Seacom zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, na watu wa nchi nyingi za Afrika Mashariki wakaona mtandao wao ukidhoofika. Kuhesabu kebo hakutoshi. Lazima kuhesabu mahali zinapokutana.

Waya ukikatika mbele ya nyumba yako

Kebo ikikatika, fundi haanzi kwa kutembea barabara nzima. Anachomeka kifaa kinachotuma mapigo mafupi ya mwanga na kusikiliza mwangwi wake, kama mtu anayepiga kelele bondeni na kuhesabu muda hadi sauti irudi. Kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana, kifaa kinamwambia: kata iko mita 3,420 kutoka hapa. Anaenda na mashine ya kuunganisha. Uzi mmoja mmoja unavuliwa ngozi, unasafishwa, unakatwa wima kabisa, kisha ncha mbili zinawekwa uso kwa uso na kuyeyushwa kwa cheche ya umeme hadi ziwe kioo kimoja. Kebo ya nyuzi 96 inahitaji viungo 96, mahali pakavu pasipo vumbi. Ndiyo maana kazi hiyo inachukua saa nyingi, na usiku wa mvua inaweza kulala hadi kesho.

Kuna mambo manne ambayo kila mkristo wa mjini anaweza kuyashika.

La kwanza, siku ya salongo au ya kuchimba msingi na mitaro, muulizeni kwanza mkuu wa avenyu kama kuna kebo mahali hapo. Tazameni kama kuna vifuniko vya zege au alama za kampuni kando ya barabara. Mkikuta utepe wa plastiki wenye rangi ndani ya udongo, simameni: umewekwa juu ya kebo kwa makusudi, kuwaonya.

La pili, waambieni vijana ukweli: ndani ya kebo hiyo hamna shaba. Anayeikata ili auze hapati kitu, na amewanyima wengi njia ya kuomba msaada.

La tatu, msitazame ndani ya ncha ya uzi uliokatika. Mwanga wake hauonekani, na unaweza kuharibu jicho bila kuumiza. Vilevile vipande vya kioo hicho ni vidogo mno na huingia katika ngozi kama miiba, watoto wasivichezee.

La nne, msiivute wala kuifunga fundo kebo iliyoanguka. Kioo kikipindwa sana mwanga hutoka pembeni, na kuvuta kunaweza kupasua nyuzi mbali na pale ilipokatika. Iacheni, zuieni magari yasiikanyage, mkatoe habari.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Parokia, hospitali na shule zetu nyingi sasa zinaletewa mikataba ya mtandao. Mara nyingi tunauliza swali moja: megabiti ngapi kwa bei gani? Kamati ya fedha ingefaa kuuliza na haya.

Je, kituo kinachotuhudumia kiko juu ya pete, au mwisho wa mstari? Njia ya kwenda na ya kurudi zinapita barabara gani, na zinakutana wapi? Umeme wa mji ukikatika, betri na jenereta ya kituo hicho hudumu saa ngapi? Mtandao unatoka nje ya mji kwa mlango gani, na mlango huo ukifungwa kuna mwingine? Kebo ikikatwa, mafundi wako mjini au wanatoka mbali?

Muuzaji mwaminifu atachora kwenye karatasi. Asiyeweza kuchora anauza mstari kwa bei ya pete. Kwa hospitali ambayo maisha ya watu yanategemea simu, ni afadhali wakati mwingine kununua njia mbili ndogo za kampuni mbili, zinazopita barabara tofauti, kuliko moja kubwa.

Ukuta uliorudi kwenye lango lake

Tunapomaliza, tufungue kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wengi tunairuka, kwa sababu ni orodha ya majina. Lakini tuisome kama fundi wa mtandao anavyosoma ramani yake. Orodha inaanzia kwenye Lango la Kondoo, inazunguka mji wote wa Yerusalemu lango kwa lango, na inaishia kwenye Lango la Kondoo. Ni pete. Kazi yake ilikuwa kuufunga mji pande zote, kwa sababu ukuta wenye pengo moja haukuwa ukuta.

Tena angalieni walioujenga. Kuna makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa manukato, wafanyabiashara, na baba mmoja pamoja na binti zake. Hawakuwa mafundi wa kujenga kuta. Na mara kadhaa imeandikwa kwamba fulani alitengeneza sehemu iliyokabili nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyeombwa kujenga ukuta wote. Kila mmoja aliombwa kipande chake, na ukuta ukaisha kwa siku 52.

Kebo inayopita mbele ya nyumba yako si mali yako, na pengine hata hulipii mtandao wake. Lakini ni kipande cha pete ya mji. Mgonjwa aliye upande wa pili, ambaye hamjuani, anategemea mita hizo chache zilizokabili mlango wako. Ukimwambia kijana mwenye sururu achimbe hatua mbili pembeni, umeshajenga kipande chako.

Bwana ailinde miji yetu, na wote wanaoitengeneza usiku wakati sisi tumelala.